Jirani kafunga njia ya mtoni na kung'oa mianzi yetu. Tushitaki au tuongee?

MamaKokoto, Kasese

Salaam kwenu nyote. Naomba ushauri, ila tafadhali msome mpaka mwisho kabla ya kuniambia "nendeni mahakamani".

Nakaa karibu na mto Nyamwamba, magharibi mwa Uganda. Walio mbali wanaujua kwa habari mbaya tu. Mei 2013 na tena Mei 2020 ulishuka kutoka milima ya Rwenzori ukisukuma majabali, na mara zote mbili hospitali ya Kilembe haikupona. Baada ya ule wa 2020 sisi wa mtaa huu tukaanza kupanda mianzi ukingoni. Hatuna mradi, hatuna fulana za kuandikwa jina. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi wanatoka watu 15, siku nyingine 8, na majembe yao na birika la chai ya tangawizi. Pia tunafyeka njia ya kando ya mto, ile ya watoto kwendea shule na akina mama kuchotea maji.

Mwaka jana mtu kanunua kiwanja pale. Mwezi uliopita kaleta vibarua, wakang'oa mashina 62. Niliyahesabu mwenyewe yakiwa yamelala, mizizi bado ina udongo mbichi. Kisha akazungusha seng'enge mpaka majini, njia ikafa.

Tulimwendea. Hakutufokea hata kidogo. Alitoa hati kwenye bahasha ya kaki, akaikunjua juu ya boneti ya gari, akaonyesha ng'ambo: "Mama, jiwe langu la mpaka liko kule, ndani ya maji. Aliyehama ni mto, si mimi." Kusema kweli nilikosa jibu.

Sasa kundi limepasuka. Vijana wanataka kukata nyaya usiku. Wazee wanasema tunyamaze, kwa sababu bwana huyo ndiye aliyetoa mabati ya msikiti. Nifanyeje?

BodaMpondwe

Kateni. Usiku hauna shahidi.

AfandeMstaafu, Bombo

Wewe wa boda, usiwapeleke watoto wa wenzio korokoroni. Nimekaa kaunta ya kituo miaka mingi. Ukikata uzio wa mtu, asubuhi faili inafunguliwa ya uzio. Mwenye hati anakuwa mlalamikaji, nyinyi mnakuwa wahuni, na hiyo mianzi hakuna askari atakayeiuliza tena.

Dada, piga picha leo, si kesho. Mashina yaliyong'olewa, mashimo yake, seng'enge inapoingia majini. Andika tarehe na majina ya walioshuhudia. Halafu mwende kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, aitishe kikao, na kila kitu kiandikwe na kupigwa muhuri. Maneno matupu hayasafiri mpaka wilayani.

KaratasiNaMuhuri, Kampala

Afande kasema sawa. Naongeza ya sheria, kwa ufupi, maana watu wengi wanadhani hati inamaliza kila kitu.

Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema mito na ardhi oevu serikali inaishika kwa dhamana kwa ajili ya wananchi wote. Ibara ya 39 inampa kila raia wa Uganda haki ya mazingira safi, na ya 17 inafanya kuyalinda kuwa wajibu wa raia. Kwa hiyo nyinyi wa chai ya tangawizi hamjipendekezi, mnatimiza wajibu wenu.

Sasa penye uzito. Kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinaweka ukanda wa hifadhi: mita 100 kwa mito iliyotajwa kwenye jedwali lake, mita 30 kwa mingine. Kipimo kinaanzia pale maji yanapofika yakiwa juu kabisa. Hakianzii kwenye jiwe la mpaka wa mtu. Yaani kiwanja kinaweza kuwa chake kweli, na bado asiruhusiwe kujenga wala kulima ndani ya ukanda huo. Mto ukihama, ukanda unahama nao. Hilo ndilo jibu lililokupotea pale kwenye boneti.

Muone ofisa mazingira wa wilaya, aje na futi. Akiwazungusha, waandikieni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Mahakama iacheni iwe ya mwisho.

MtuWaRwizi, Mbarara

Samahani, mimi nitauliza swali lisilopendeza. Mlipopanda hiyo mianzi mlimwomba nani ruhusa?

Huku kwetu tulianza hivyo hivyo kwenye mto Rwizi, kwa moyo safi. Siku ya kugombana ikaonekana hatuna hata kikaratasi. Wafyatua matofali wakatuuliza, "Nyinyi ni nani?" Tukabaki tunatazamana. Mto wenyewe ndio unaonywesha mji mzima wa Mbarara, lakini hilo halikutusaidia siku ile.

Na jingine: msije mkapanda mkaratusi kwa hasira eti unakua haraka. Unafyonza maji vibaya mno.

MamaKokoto

MtuWaRwizi umenishika. Mwenye kiwanja wa kwanza alikuwa mzee mmoja, alituambia tu "pandeni wanangu", akaendelea kutafuna muwa. Hakuna aliyeandika. Mzee amefariki, watoto wake wameuza.

Halafu niseme na hili. Mimi kabla ya kupanda mianzi nilikuwa mponda kokoto hapo hapo mtoni, jina langu limetoka huko. Tulipoanza kupanda tuliwahamisha wenzangu wawili waliokuwa wakiponda, na hatukuwauliza sana. Kwa hiyo huyu bwana aliponitazama vile nilijiona mwenyewe.

NabuyongaHalisi, Mbale

Dada, usimwonee haya mpaka mto ukapata nafasi. Julai 2022 mto Nabuyonga ulipanda usiku mmoja hapa mjini, tukazika watu. Waliojenga ukingoni walikuwa na hati pia.

Ushauri wa shambani: mwanzi peke yake hautoshi, mwaka wa kwanza mizizi bado haijashika. Changanya na nyasi za vetiva, mizizi yake inashuka mita 3 chini, na mbuzi hawazipendi sana zikikomaa. Pandeni mvua zinapoanza, si katikati. Sisi tulipanda katikati, vyote vikaenda na maji.

BodaMpondwe

Basi sawa, nimeficha koleo.

MamaKokoto

Narudi na majibu, wiki tano baadaye.

Mwenyekiti aliitisha kikao chini ya mwembe. Ofisa mazingira alikuja mara ya pili alipoitwa, ile ya kwanza hakutokea. Ubishi mkubwa ulikuwa maji yanafika wapi. Sisi tukataka alama ya tope ya 2020 kwenye ukuta wa nyumba ya mama mmoja, inafika kifuani. Ofisa akakataa, akasema ile ilikuwa gharika, akachukua mstari wa maji ya masika ya kila mwaka. Akavuta futi mita 30. Ikaishia katikati ya shimo la choo alilokuwa ameanza kuchimba jirani yetu.

Jirani alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza kama anaweza kukata majani humo kwa ajili ya ng'ombe wake. Akaambiwa kukata sawa, kuchimba hapana. Wazee wa msikiti ndio waliombembeleza kuhusu njia, na mabati yale yale yaliyotuziba mdomo yakawa ndiyo maneno ya kumsifu hadharani mpaka akashindwa kukataa.

Mianzi hajailipa. Tumekubaliana atoe mbolea ya ng'ombe, tutapanda upya Septemba, na safari hii majina ya wote yako kwenye karatasi yenye muhuri, pamoja na wale wanawake wawili wa kokoto. Seng'enge imerudishwa nyuma kidogo tu. Mtu mwenye jerikeni moja anapita vizuri. Ukibeba mbili, unapita ubavu.