Mdogo wangu ametoka Guangzhou na homa, kipimo cha palu (malaria) kinasema hana. Tufanye nini?

Yaya_Kamalondo

Jambo yenu wote. Naomba msaada, hasa kwa wale wa labo (maabara) na wauguzi. Mdogo wangu alitua uwanja wa ndege wa Luano, hapa Lubumbashi, wiki iliyopita akitokea Guangzhou, alikuwa amekwenda kuchukua bidhaa za duka: chaja, vifuniko vya simu, nguo za watoto. Alifika mzima kabisa. Jumamosi usiku akaanza kutetemeka, homa ikapanda hadi 39.8. Kichwa, mgongo, magoti, vyote vinamuuma, na anasema maumivu makali yako nyuma ya macho, hata kugeuza macho kutazama mlango ni shida.

Kituo cha afya cha mtaani walimpima TDR ya palu, kile kipimo cha haraka, haikuonyesha kitu. Wakasema ni palu iliyojificha, wakamwekea artesunate, dawa ya palu. Kesho yake wakafanya Widal, kipimo cha damu cha tifoidi, wakasema anayo, wakaongeza sipro (antibiotiki), na sindano ya diklofenaki kwa ajili ya maumivu.

Tangu jana jioni homa imeshuka. Mama anamshukuru Mungu, anasema dawa imefanya kazi. Lakini mimi roho haijatulia. Homa imeshuka ila mtu mwenyewe amelegea zaidi kuliko alipokuwa na moto. Tumbo linamkata, ametapika uji mara kadhaa, na leo asubuhi akipiga mswaki nimeona damu kwenye brashi. Viganja vimekuwa vyekundu, nikibonyeza kidole alama nyeupe inabaki kwanza ndipo inarudi. Tuendelee na sipro tu, au?

Papa_Ruashi

Pole sana dada. TDR huwa inakosea wakati mwingine, msiamini kipimo kimoja. Rudieni, na muombe wachukue tone nene la damu waangalie kwa mikroskopi. Mtoto wa kaka yangu palu yake ilionekana kipimo kiliporudiwa.

Mama_Labo_Katuba

Yaya, acha kusoma, mpeleke hospitali kubwa sasa hivi, yenye labo inayofanya kazi usiku. Haya mengine utayasoma ukiwa kwenye benchi.

Nafanya kazi ya labo hapa Lubumbashi na ulichoandika kinafanana mno na dengi. Ni virusi vinavyoletwa na mbu wa mchana, yule mweusi mwenye mistari myeupe miguuni. Guangzhou na mkoa wote wa Guangdong dengi inajulikana: mwaka 2014 waliugua watu zaidi ya 45,000 katika mkoa ule. Na mwaka 2025 chikungunya, ugonjwa wa mbu huyo huyo, ilishika maelfu ya watu Foshan, mji unaopakana na Guangzhou kabisa. Mtu akiumwa na mbu mwenye dengi, homa huanza baada ya siku 4 hadi 10, mara chache hadi 14. Hesabu kuanzia siku aliyotoka kule, utaona anaingia humo.

Sasa shika hili kuliko yote: katika dengi, siku homa inaposhuka ndiyo siku ya kukaa macho. Kati ya siku ya 3 na ya 7 ya ugonjwa, joto likishuka, mishipa midogo inaweza kuanza kuvujisha maji ya damu nje. Kipindi hicho huchukua saa 24 hadi 48. Wengi wanapita salama na kupona, ila wachache wanaanguka ghafla, na wanaoanguka hutanguliwa na dalili zile zile ulizoziandika wewe mwenyewe: tumbo kuuma sana, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi, kulegea au kuhangaika. Moja tu ingetosha kumtoa nyumbani. Yeye anazo kadhaa.

Diklofenaki isirudiwe. Ibuprofeni na aspirini pia hapana, zinazidisha kutoka damu. Maumivu na homa ni parasetamoli peke yake, kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kati ya dozi na dozi zipite saa 6. Sindano za kwenye nyama ziepukwe mpaka plakete (chembe za kugandisha damu) zijulikane.

Mkifika, ombeni hesabu kamili ya damu, ile wanayoandika NFS kwenye bulleti (karatasi ya vipimo). Waangalie plakete, ambazo kawaida huwa 150,000 kwenda juu, na hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Plakete zikishuka huku hematokriti ikipanda, maji yanatoka kwenye mishipa, na hapo daktari ndiye anayepima serumu (maji ya dripu): kidogo mno ni hatari, nyingi mno huishia kwenye mapafu. Kama wana kipimo cha dengi cha NS1, kinachotafuta protini ya virusi, hufaa zaidi siku 5 za kwanza. Baada ya hapo ni IgM, kinachotafuta kingamwili. Wasipokuwa nacho wasimrudishe nyumbani kwa sababu hiyo. Dengi haina dawa yake maalumu, mgonjwa anaokolewa na maji yaliyopimwa vizuri na jicho lisilosinzia.

Papa Ruashi ana haki kuhusu palu. Huku kwetu kila homa ipimwe palu kwanza, safari au hakuna safari, na ikikosekana irudiwe baada ya saa 12 hadi 24. Lakini China ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina malaria tangu Juni 2021. Akiwa na palu, basi ni ya hapa hapa, na palu ya falsiparumu, ile aina kali, haijitokezi kabla ya wiki moja tangu kuumwa na mbu. Kuhusu Widal, nasema kwa uchungu kwa sababu naiona kila siku: Widal moja haithibitishi tifoidi. Mtu aliyewahi kuugua zamani inaweza kumwonyesha, na homa nyingine pia. Tifoidi inathibitishwa kwa kuotesha damu. Nimeona watu wakimeza sipro wiki nzima kwa ajili ya karatasi, na ugonjwa wenyewe unaendelea na safari yake.

Na ukifika usianze na homa. Anza na neno Guangzhou, tarehe aliyoondoka kule na tarehe homa ilipoanza. Hakikisha yameandikwa kwenye fishi (karatasi ya mgonjwa).

Yaya_Kamalondo

Aksanti mama, Mungu akubariki. Tuko hospitali tangu saa nne usiku. Daktari wa zamu aliposikia Guangzhou alinyanyua kichwa, akaanza maswali upya: alilala wapi, aliumwa na mbu, alikunywa maji gani, alichomwa sindano huko. TDR imerudiwa, na tone nene pia, palu hana. Plakete 62,000. Kipimo cha dengi hapa hakipo lakini amesema watamshika kama dengi. Serumu inaingia, wanapima mkojo na presha kila saa. Sipro wamesimamisha kwanza, damu imechukuliwa ya kuotesha. Mama analia kwa sababu alimlazimisha kula fufu akidhani ni njaa inayomlegeza.

Chofa_Kasumbalesa

Pole familia. Mimi naendesha lori hadi Dar es Salaam, hiyo dengi, kule wanaiita kidingapopo, naijua. Mwaka 2019 ilikuwa Dar kila mahali, utingo wangu aliipata, tukiwa njiani kurudi alianza kuungua tukiwa Tunduma. Tulimnunulia dawa ya palu pale pale famasi. Hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi, na sisi hatukusema. Alipona, lakini ninaposoma hapa naogopa. Mama Labo, mtu ambaye kila mwezi yuko Zambia na Tanzania aangalie nini?

Mama_Labo_Katuba

Chofa, homa yoyote baada ya safari, taja njia yote, hata ulipolala usiku mmoja. Tarehe ndizo zinazotuelekeza. Homa siku chache tu baada ya kurudi, dengi na chikungunya ziko mbele. Ikipita wiki 2 tangu utoke huko, dengi ya huko iondoe, utazame palu na tifoidi. Macho ya manjano baada ya mwezi, waza homa ya ini A. Kuhara maji kama ya mchele usisubiri hata saa moja, huenda ni kipindupindu. Kwenye kabini weka parasetamoli na chumvi za ORS, na dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu uitumie mchana pia, kwa sababu neti ya usiku haimzuii huyu wa mchana.

Yaya, mdogo wako alale ndani ya neti hata mchana kwa siku hizi, mbu wa hapa asimuume akapeleka kwa mwingine. Mama asijilaumu, fufu haijamdhuru. Muulize muuguzi kama anakojoa angalau kila saa 4 hadi 6. Hesabu ya damu irudiwe asubuhi. Niandikie plakete na hematokriti, zote mbili, pamoja na zile za jana usiku.