Waigizaji mbele ya kamera Goma: tupeane uzoefu

Jambo wote. Waigizaji wengi wa hapa wanatoka kwenye teatre ya kanisa au ya shule. Wamezoea kumsemea mtu wa benchi la mwisho, na kamera ikiwa mita moja usoni bado wanamsemea yeye. Leteni mbinu zinazofanya kazi.

Mwongozaji, mtaa wa Himbi
Ukimwambia "punguza sauti" atanong'ona, maneno yapotee. Mkalishe mwenzake ubavuni mwa lenzi, aseme naye tu. "Kasirika" nalo ni agizo bovu, maana atakunja uso basi. Mpe kazi: "usimwache atoke bila kulipa."

Senario (maandishi ya filamu) ikiandikwa Kifaransa, mwigizaji anatafsiri kichwani huku anaigiza. Kila teki (kila mara tukio linaporekodiwa) inatoka na maneno mengine, na mwenye montaji (anayeunganisha vipande vya filamu) hapati pa kukata. Kaeni mezani siku mbili kabla, kila sentensi igeuzwe iwe Kiswahili kama kinavyosemwa mtaani Birere, hapa Goma, kisha iandikwe hivyo hivyo.

Tukio la kulia huanza na gro-plani (uso peke yake umejaza picha). Mtu akishalia mara nne kwenye plani pana (mtu na mahali alipo), machozi yamekwisha na koo limekauka. Plani pana inavumilia uso uliochoka.

Fundi wa sauti
Maikro ya kravati (ile ndogo inayofichwa kwenye nguo): shibiri moja chini ya kidevu, chini ya nguo. Kitenge kipya chenye wanga kinakwaruza kama karatasi, kwa hiyo kifuliwe mara mbili kabla ya siku ya kazi. Kunja skochi (utepe wa gundi) iwe pembetatu, gundi ikae nje, ishike nguo upande mmoja na ngozi upande wa pili. Rozari na mikufu ivuliwe, au ishikizwe mbali na maikro.

Changarawe za volkano zinalia chini ya viatu kuliko mazungumzo yenyewe. Kama miguu haionekani, tandika blanketi. Mwisho wa kila eneo, wote wanyamaze sekunde 30 urekodi ukimya wa mahali hapo. (Ndiyo, hata kama grupu (jenereta) ya jirani inanguruma.)

Skripti (anayeangalia teki zote zifanane)
Tukio la kula linaharibu montaji kuliko yote. Teki 6 zinataka sahani 8 za bukari (ugali) zilizo sawa, kwa sababu tonge likishamegwa halirudi. Piga picha ya sahani kabla ya kila teki, na uandike tonge lilikatwa kwenye neno gani, kwa mkono upi. Matonge yawe madogo. Aliyeshiba hawezi kuigiza njaa.

Mwongozaji, Himbi
Na mwanga. Goma haifiki digrii 2 kusini ya ikweta, kwa hiyo mchana jua liko utosini na macho yanakuwa mashimo. Mawe meusi ya lava hayarudishi mwanga wa kutosha. Tandaza shuka jeupe chini, nje kidogo ya fremu.

Swali
Na wanaoangalia chini kutafuta alama ya kusimama?

Skripti
Msimamishe kwenye alama kwanza, halafu arudi kinyumenyume hadi pa kuanzia akihesabu hatua. Akija mbele atahesabu hizo hizo bila kuinama. Skochi haishiki kwenye vumbi la lava, tumia jiwe bapa ambalo mguu utalihisi.