Msaada: Mama anachoma sindano ya sukari, sasa hata harufu ya sato inamtapisha. Tatizo ni tumbo kweli?

Bint Nansio
Wakuu habari za humu. Mama yangu ana sukari miaka mingi, anameza metfomini na glibenklamidi. Dada yetu aliyeko Uingereza akamletea ile kalamu ya semaglutaidi, ya kuchoma mara moja kwa wiki. Sukari imeshuka kweli, na gauni zote zinampwaya. Ila hali! Mtu aliyekuwa anamaliza ugali wa udaga na sato mzima, leo anamega matonge mawili, anasukuma sahani, anasema kashiba hadi shingoni. Nikikaanga samaki anahamia uani. Juzi kwenye meli ya kuja Mwanza katapika njia nzima, na huyu kazaliwa Ukerewe, maji hayajawahi kumsumbua.

Jirani anasema ni vidonda vya tumbo. Duka la dawa la mtaani wakampa dawa ya asidi na ya gesi, hakuna kitu. Naombeni ushauri, na mwenye kujua anieleze kinachoendelea, kwa lugha ya kawaida tafadhali.

Mzee wa Mwaloni
Aachane na hizo sindano, anywe mchaichai. Mnatuletea habari za homoni kila siku.

Urembo_MZA
Kalamu zipo za kutosha, bei poa, njoo PM.

Tabibu Pasiansi
Pole dada. Huyo wa PM mpite. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi bandia.

Mzee wa Mwaloni, homoni hutaki lakini ndizo zinazokushibisha. Chakula kikifika utumbo mwembamba, seli za ukuta wake humwaga homoni. Mafuta na protini huchochea kolesistokinini, na seli nyingine, nyingi zikiwa sehemu ya chini ya utumbo, hutoa GLP-1. Kolesistokinini huamsha ncha za neva ya vagasi, ule mshipa wa fahamu mrefu unaounganisha kichwa na tumbo. Nyuzi zake nyingi kazi yake ni kupeleka habari juu. Habari zinaishia kwenye shina la ubongo, pale ubongo unapokutana na uti wa mgongo, katika fungu la seli za neva liitwalo nukliasi ya njia ya solitari. Seli hizo zikichangamka na kupigiana umeme kwa kasi, unaona umeshiba. Tangu 1973 watafiti walionyesha kwamba panya akidungwa kolesistokinini anakula kidogo.

Sasa njoo kwenye kichefuchefu. Kando ya fungu hilo kuna eneo dogo, eria postrema. Sehemu kubwa ya ubongo ina kizuizi kinachochuja vitu vya kwenye damu, ni bandari yenye ukaguzi. Eneo hili ni mwalo usio na afisa, mtumbwi wowote unatia nanga. Faida yake ni kwamba linanasa sumu mapema, unatapika kabla haijakumaliza. Lakini seli zake zina vipokezi vya GLP-1 pia, kwa hiyo dawa ya mama, ambayo inaiga GLP-1, inatua hapo hapo. GLP-1 ya mwili hupungua nusu ndani ya dakika mbili hivi. Semaglutaidi huchukua kama wiki nzima kupungua nusu. Kwa hiyo shina la ubongo linaambiwa "umekula" usiku na mchana, hata sahani ikiwa tupu. Tumbo nalo linachelewa kumwaga chakula, ndiyo ile shibe ya shingoni.

Meli je? Habari za mtikisiko kutoka sikio la ndani nazo hupitia shina hilo hilo la ubongo. Vikikutana viwili, ndiyo hiyo safari mliyoiona. Dawa ya asidi haifiki huko.

Alianza na dozi gani?

Bint Nansio
Miligramu 0.5. Dada alisema ndiyo anayotumia yeye.

Tabibu Pasiansi
Kumbe! Kawaida huanzwa 0.25 kwa wiki nne, ndipo inapanda, ili mwili uzoee. Msipange dozi wenyewe, aende kwa daktari wake, ambaye nadhani hata hajui kuwa kuna sindano. Kinachonitisha zaidi ni glibenklamidi. Hiyo inashusha sukari hata asipokula. Akitetemeka, akitoka jasho, akianza kuongea ovyo, mpime na mpe kitu chenye sukari mara moja. Akitapika hadi maji hayakai, au tumbo la juu likiuma hadi mgongoni, hospitali muda huo huo.

Ng'wana Igoma
Naongeza kidogo. Utafiti wa panya uliochapishwa 2024 ulionyesha kuwa seli za kushibisha na za kuchefua haziko pamoja kabisa. Ukizigusa za solitari panya anakula kidogo bila kuchukia chakula, za eria postrema ndizo zinazomkinaisha. Siku wakipata dawa inayogusa upande mmoja tu, wengi watapumua.

Mama Lishe Buzuruga
Wakati mnasubiri hizo dawa, mama ale leo. Acha kukaanga. Sato mchemshe na limau, nyanya, chumvi kidogo, mafuta usiweke, maana mafuta ndiyo hayo wanayosema yanachochea homoni na kukaa tumboni. Kisahani kidogo, mara nyingi. Usimbembeleze amalize. Na jiko lipeleke nje wewe, siyo yeye ahamie uani!

Mzee wa Mwaloni
Mchaichai wangu bado hamjaupinga.

Mama Lishe Buzuruga
Anywe, bila sukari.

Bint Nansio
Ahsanteni wakuu. Kesho tunaenda kliniki. Kalamu nibebe?

Tabibu Pasiansi
Beba na boksi lake, na vidonge vyote anavyomeza. Leo usiku mpime sukari kabla hajalala. Asubuhi kama chakula hakipiti, mpigie daktari kwanza kabla hajameza glibenklamidi.