Dar hadi Matema kwa pikipiki: begi la kukunja mdomo au boksi la nyuma?

mtembezi_kimara
Wakuu, habari za muda huu. Mwezi wa tatu nakwenda Matema, kule Ziwa Nyasa, kwa pikipiki, njiani nalala kwenye hema, nikijaliwa napitia Kitulo kuona maua. Mvua itakuwa imepamba moto. Nimeona begi la PVC lita 60, lile la kukunja mdomo, na kuna jamaa ananiuzia boksi la aluminiamu. Nichukue lipi? Nalipia keshokutwa.

fundi_tyubu
Pikipiki gani? Umepakia mtu? Bajeti je?

mama_keria
Kama ni Boxer au TVS, boksi achana nalo. Uzito ukikaa juu tena nyuma ya tairi, mbele kunakuwa kwepesi, na zile kona za Chimala kupanda Kitulo usukani utakusumbua. Begi lilaze juu ya siti, mgongoni kwako. Lisiguse ekzosi, PVC inayeyuka. Kamua hewa, kunja mdomo mara tatu au nne, ndipo ubane.

pipa_la_bluu
Pipa la plastiki la kifuniko cha kufunga kwa kuzungusha. Mnapoteza hela bure.

mama_keria
Pipa duara unalifungaje kwenye keria, kaka? Litazunguka hadi likudondokee kwenye mlima wa Kitonga, nyuma yako lori.

kijana_uyole
Mkuu, kabla hujalipa geuza begi nje-ndani uangalie maungio. Mimi niliuziwa moja nikahakikishiwa kwamba halipitishi maji. Kumbe limeshonwa kwa uzi, halikuunganishwa kwa moto. Mvua ilinishika kuanzia Makambako. Nafika Kitulo, kule juu mita 2,600 na baridi yake, nafungua: maji yameingia kwenye matundu ya sindano na hayana pa kutokea. Blanketi linachuruzika, unga wa sembe umekuwa uji, soksi zimeelea juu. Nililala nimevaa koti la mvua na helmeti, meno yanagongana mpaka alfajiri. Muuzaji nilipompigia akasema nimelitumia vibaya! Sasa kila kitu kwanza kinaingia kwenye mfuko mweusi wa taka, ule mzito, ndipo begini. Na hema lililolowa nalifunga nje, maana ukilichanganya na nguo umejilowesha mwenyewe.

fundi_tyubu
Hapo kwenye hema nakuunga mkono. Ila bila mpira wa tyubu mnajisumbua. Mikanda ya dukani inalegea ikilowa.

mama_keria
Inalegea ya bei rahisi. Tyubu ikipigwa jua inakatika bila taarifa.

fundi_tyubu
Dada, bodaboda wanafungia magunia ya mkaa kwa tyubu.

mama_keria
Toka shambani hadi sokoni, siyo Dar hadi Nyasa.

mtembezi_kimara
Asanteni sana. Ni TVS, niko peke yangu. Hivi Mikumi usiku pikipiki inapita?

pipa_la_bluu
Barabara kuu ile, inapitika. Lakini tembo wanavuka na hawana taa. Pita mchana, ukalale Ruaha Mbuyuni.

kijana_uyole
Ukirudi tuchukulie vitunguu hapo Mbuyuni.

mama_keria
Asivitie kwenye hilo begi la PVC tu. Halipumui, vitafika Dar vimeoza.

fundi_tyubu
Afunge kwenye kiroba, juu. Kwa tyubu.