Naomba ushauri: kompyuta 4 za duka, moja bado Windows 7

Wakuu, heshima kwenu. Kuna duka la vipuri lenye kompyuta 4 kwenye mtandao mmoja. Tatu ni Windows 10, ya kaunta ni Windows 7 kwa sababu programu ya mauzo inagoma kwenye toleo jipya. Windows 7 iliacha kupata viraka vya usalama Januari 2020, Windows 10 Oktoba 14, 2025.

SMBv1 (njia ya zamani ya Windows kushirikishana mafaili kwenye mtandao) imeshazimwa kote (kirusi cha WannaCry kilisambaa kwa njia hiyo 2017), poti 3389 (ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali) imefungwa kwenye ruta, na wafanyakazi wanatumia akaunti za kawaida. Programu zilizokrakiwa zimefutwa zote. Huko ndiko balaa nyingi huingilia.

Shida kubwa ni bakapu. Diski ya nje ya TB 1 inabaki imechomekwa saa 24. Kirusi cha kufunga mafaili kikiingia kinaifunga nayo, kwa hiyo hapo hakuna bakapu. Nawaza diski 2 za kupokezana kila Jumamosi, moja ikae mbali na duka. Google Drive pekee siiamini: ikioanisha, mafaili yaliyofungwa yanafunika mazima, na matoleo ya zamani kwa kawaida yanafutwa baada ya siku 30.

Sasa, hiyo Windows 7 niitengeje wakati inatumia printa ya risiti iliyo kwenye mtandao huohuo? VLAN (kuugawa mtandao vipande vinavyotengana), au niichomeke printa kwa USB na kuikata intaneti kabisa? Na zile 3 hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11): mnalipia viraka vya nyongeza au mnahamia Linux?