Kiwanja Dodoma: dalali wa kijiweni, "mbobezi" wa mitandaoni au viwanja vya Jiji?

Mzawa_Kongwa
Wakuu, habari za jioni. Natafuta kiwanja cha kujenga hapa Dom, iwe Iyumbu, Nala au Msalato. Mfukoni kuna kama milioni 12, na njia ninazoziona ni tatu.

Kuna madalali wa kijiweni Nkuhungu: elfu kumi ya kuzungushwa, halafu bei inabadilika kila ukipiga simu. Kuna bwana mmoja anayejiita "mbobezi wa milki na uwekezaji makao makuu": video kila siku, suti, nyuma yake Mji wa Serikali Mtumba. Huyu anataka laki mbili ya ushauri kabla hajanionyesha hata bikoni moja (jiwe la mpaka wa kiwanja). Halafu kuna viwanja vinavyotangazwa na Jiji lenyewe.

Nikiri mbobezi ananivuta. Anaongea vitu vya maana.

Mama_Zabibu
Vitu gani hivyo? Viweke hapa na sisi tufaidi.

Mzawa_Kongwa
Kwamba barabara ya mzunguko ikikamilika Nala itapanda, uwanja wa ndege wa Msalato nao utapandisha kule, na kwamba ardhi haijawahi kushuka bei.

Mama_Zabibu
Hayo hata muuza karanga wa Sabasaba anakwambia bure. Barabara ya mzunguko ina zaidi ya kilomita 110, inagusa Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa, Matumbulu. Mtu akisema "karibu na barabara ya mzunguko" hajakutajia mahali. Muulize ni mita ngapi kutoka katikati ya barabara, maana hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande. Waliowekewa alama ya X ukutani wanaijua hiyo hesabu.

Mdau_Kimara
Msiwaponde wote jamani. Sisi tulio Dar hatuwezi kupanda basi kila wiki kuja kuangalia viwanja. Mimi nimenunua kupitia mtu wa aina hiyo, nikaonyeshwa kwa video, nikalipa, kazi imekwisha.

Mama_Zabibu
Hati ina jina lako?

Mdau_Kimara
Bado, iko kwenye mchakato. Nina mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa.

Kiboko_Nkuhungu
Mimi ni dalali, tena wa hapo hapo kijiweni, ngoja niseme kabla hatujachinjwa. Elfu kumi ni mafuta ya pikipiki na nusu siku yangu. Cha juu kipo, sikatai: mwenye mali akitaka nane, mimi natangaza tisa na nusu, ukibana sana tunakutana tisa. Lakini sijawahi kujiita mtaalamu wa ardhi. Ninachojua ni nani anauza na kwa nini anauza. Najua familia ipi watoto hawajakubaliana, na shamba lipi mzee kauza mara mbili. Ukiniuliza ramani ya mipango miji inasemaje, nitakwambia nenda kaulize. Huyo wa suti viwanja anavipata kwetu. Anatupigia simu sisi, anaongeza chake juu ya cha kwetu.

Mzee_wa_Mipango
Kijana, muulize huyo mbobezi swali moja: hati ya kiwanja anachokuuzia ni ya enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, au ni ya baada yake?

Nieleze kidogo. CDA ilianzishwa 1973 na ikavunjwa Mei 2017. Katika miaka hiyo mwananchi wa Dodoma alikuwa mpangaji wa CDA, kwa mkataba wa miaka 33. Ilipovunjwa, kazi zake zikaenda Manispaa, ambayo 2018 ikawa Jiji, na wenye mikataba ile wakaelekezwa kubadilisha wapate hati za miaka 99. Wapo waliobadilisha, wapo walioziacha kabatini. Sasa chukua mkataba wa 1989: miaka 33 iliisha 2022. Mtu anakuuzia karatasi iliyokwisha muda wake, na bei ni ya leo. Mtaalamu wa ardhi Dodoma asiyejua hilo ni mtaalamu wa nini?

Mzawa_Kongwa
Shikamoo mzee wangu. Nimempigia sasa hivi. Kanijibu "hati ni hati, mdogo wangu, usisikilize watu wa vijiweni." Nilipomwomba vyeti vyake katuma picha ya cheti cha kuhudhuria semina ya siku mbili.

Mzee_wa_Mipango
Marahaba. Umeshapata jibu.

Dada_wa_AreaC
Niongezee kwa upande wa kazi yangu, niko ofisi ya wakili. Mpima ardhi, mthamini, mpangamiji, kila mmoja ana chombo kinachomsajili. Ukitilia shaka unauliza kama jina limo kwenye orodha. Dalali wa viwanja leseni yake ni ya biashara tu (dalali wa mahakama ni mtu mwingine, usichanganye). Julai 2025 serikali iliwakataza wasio raia kufanya udalali wa ardhi na majengo, sawa, lakini uraia haukufundishi kusoma ramani. Na wewe ndugu wa Kimara, muhuri wa mtaa unaonyesha tu kwamba mliuziana mbele ya watu. Umiliki uko kwa Msajili wa Hati. Omba upekuzi rasmi leo, yaani waangalie kwenye kumbukumbu zake kiwanja kina jina la nani.

Fundi_Ihumwa
Mnaongea karatasi tu. Mimi nachimba misingi. Kuna sehemu udongo ni wa mbuga, kiangazi unapasuka, mvua ikija unavimba na ukuta unaondoka nao. Video zote zinapigwa kiangazi. Nenda Januari au Februari uone korongo linapita wapi, na uulize majirani maji ya DUWASA yanatoka siku zipi.

Mgogo_Mtulivu
Na viwanja vya Jiji msivifanye vitakatifu. Bei inajulikana na unalipa kwa namba ya malipo, hapo hakuna cha juu. Ila unapewa kilichopo, mara nyingi mbali, na muda wa kumaliza malipo haukusubiri. Na watu wawili kupewa kiwanja kimoja mji huu tumeshaona.

Mzawa_Kongwa
Basi laki mbili ya ushauri nampa mpima aliyesajiliwa anihakikishie bikoni, upekuzi nafanya kabla ya kutoa hata shilingi ya kiwanja. Kiboko, Jumamosi upo? Nianzie Iyumbu.

Kiboko_Nkuhungu
Nipo. Njoo na elfu kumi.

Mama_Zabibu
Mpe tano, pikipiki yake naijua, hainywi mafuta kiasi hicho.