Wikendi ya Familia chuoni: kijana kasema nisijisumbue. Niende au nikae?

MamaKifunguaMimba:

Habarini wazazi wenzangu mlioko huku Marekani. Naombeni ushauri, hili jambo nimekaa nalo wiki nzima halinitoki.

Mwanangu wa kwanza kaanza chuo Agosti hii, mwendo wa kama masaa sita kwa gari kutoka tunapoishi. Sasa juzi usiku natafuta risiti kwenye barua pepe, nikachungulia kule kwenye spamu, nakuta barua kumi na moja za chuo zimejipanga, zote "kwa wazazi na familia", ya kwanza ni ya Julai! Nimezisoma zote nimekaa kwenye ngazi na simu mpaka mguu ukafa ganzi. Kumbe kuna jarida la wazazi linakuja kila baada ya wiki mbili, kumbe kuna Wikendi ya Familia, Ijumaa mpaka Jumapili katikati ya Oktoba, kuna kujiandikisha, kuna kulipia, kuna mechi, kuna chai ya asubuhi na mkuu wa chuo, na siku ya mwisho ya bei nafuu ilishapita mimi niko hapa nalalamika kwamba chuo hakituambii kitu.

Nikampigia kijana. Hakupokea, akaandika "niko darasani". Saa nne usiku, jamani. Kesho yake ndo akasema mama usijisumbue, mambo ya Wamarekani hayo, hamna cha maana, halafu nina midtemu Jumatatu. Baba yake akadakia hapo hapo, "umesikia, mwenyewe kasema tusiende", maana yeye alishaanza kupiga hesabu ya mafuta na hoteli.

Lakini moyo hautulii. Siku tulipompeleka alinifungia mlango wa gari mwenyewe, akagonga bati mara mbili kama kondakta, tukaondoka. Toka siku ile nikimpigia ya video naona dari tu, simu kailaza mezani.

Na mengine mawili. Barua mojawapo ilikuwa na ripoti ya usalama ya mwaka, nimefungua nikakuta jedwali la wizi, kushambuliwa, vitu vya kutisha, sijalala vizuri toka hapo. Halafu nikapiga simu ofisi ya masomo niulize tu anaendeleaje, yule dada kanijibu kwa upole kabisa kwamba hawezi kuniambia. Mimi ninayelipa! Hivi ni sheria au nimekutana na mtu mwenye roho mbaya?

---

Dereva_wa_Usiku:

Mama pole, na hongera kwa kufikisha mtoto chuo. Mimi nimeenda hizo wikendi mara tatu, mbili za binti na moja ya kaka yake. Jibu langu ni nenda, ila usiende kama ratiba inavyotaka.

Mara ya kwanza tulijiandikisha kila kitu. Tukapewa vitambulisho vya kuvaa shingoni, mfuko wenye karatasi na ramani, tukasimama kwenye foleni ya chai saa mbili asubuhi tumevaa kama tunaenda harusini, mtoto yuko bwenini amelala. Ameamka saa sita na nusu. Hotuba zote tumezisikiliza mimi na mke wangu, tukamsikiliza mkuu wa chuo, tukasikiliza kwaya ya wanafunzi tusiowajua, ndo binti akatokea na kapu la nguo chafu, macho yamevimba. Nilikasirika kweli. Sasa hivi nacheka, maana hakuna mwanafunzi anayeamka Jumamosi asubuhi ili aangalie wazazi wake wanakunywa chai.

Mara ya pili tulimuuliza mapema tu, wewe Jumamosi unaamka saa ngapi. Tukapanga kuanzia hapo. Tukampeleka dukani akanunua sabuni, chaja na blanketi maana baridi ilishaanza na alikuwa ameondoka nyumbani na nguo za joto la Agosti, tukala, tukatembea. Kwenye gari ndo akaongea. Mimi naendesha, yeye anaangalia dirishani, akasema kuna somo limemshinda anataka kuliacha kabla tarehe haijapita. Kwenye simu asingenambia hata siku moja.

Kingine, kama kazi inaruhusu fika Ijumaa mchana. Ofisi ya msaada wa fedha Jumamosi mara nyingi imefungwa, Ijumaa unakaa na mtu uso kwa uso. Na Oktoba ndo wakati wake, fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa fedha wa serikali, ya mwaka unaofuata kwa kawaida inafunguliwa tarehe 1 Oktoba, na inajazwa kila mwaka, sio ukijaza mara moja basi. Mwaka 2023 ilichelewa mpaka mwisho wa Desemba, ila hiyo ilikuwa vurugu yao.

Hoteli za karibu na chuo sahau kwa sasa. Wikendi hiyo wanapandisha bei halafu wanakulazimisha ulale siku mbili. Tafuta mji wa pembeni, dakika arobaini hivi. Sisi tulilala pembeni ya barabara kuu na malori yanapita usiku kucha, mimi nililala vizuri tu, mke wangu hapana.

---

MwalimuMstaafu:

Dada yangu, huyo binti wa ofisini usimlaumu, hana roho mbaya, anatii sheria. Inaitwa FERPA, ni ya mwaka 1974. Mtoto akiwa shule ya chini ya chuo, haki ya kuona rekodi zake ni ya mzazi. Akitimiza miaka 18, au akiingia chuo hata kama ana 17, haki zote zinahamia kwake. Nani analipa ada haibadilishi hapo.

Lakini kuna milango. Mwanao anaweza kusaini ruhusa upate kuona matokeo au bili, vyuo vingi wanafanya mtandaoni, anaingia kwenye akaunti yake anakuongeza wewe, dakika tano imekwisha. Pia kama unamuweka kama tegemezi kwenye kodi yako, chuo kinaruhusiwa kukupa taarifa. Kinaruhusiwa, hakilazimishwi, hapo ndo wazazi wengi wanagombana na ofisi bure. Dharura ya afya au usalama nayo ina nafasi yake, na akikamatwa na pombe au dawa za kulevya hajafika 21 chuo kinaweza kukuambia. Halafu kitu ambacho watu hawajui ni kwamba sheria haiwazuii wao kukusikiliza. Ukipiga ukasema nina wasiwasi na mwanangu, hajatoka chumbani siku nne, watakusikiliza na mara nyingi watatuma mtu amwone, hata kama hawatakurudishia majibu.

Kuhusu ile ripoti, tulia kwanza. Hiyo nayo ni sheria, Clery Act ya 1990, imepewa jina la Jeanne Clery, msichana wa mwaka wa kwanza wa Lehigh University aliyeuawa chumbani kwake bwenini mwaka 1986. Wazazi wake ndo waliopigania vyuo vilazimishwe kutangaza uhalifu unaotokea kwao. Basi kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu za kusaidia wanafunzi lazima kitoe ripoti kila mwaka ifikapo 1 Oktoba, ndo maana umeipata msimu huu. Ukiisoma angalia kwamba ni hesabu za miaka mitatu, na zinaingiza hata barabara za umma zinazopakana na kampasi. Mimi chuo kilichojaza sifuri kila mahali ndo kingenitia wasiwasi, nitajiuliza kama watu wanaogopa kuripoti. Kwa hiyo usiangalie jedwali peke yake, soma kurasa za mbele, wanaeleza mwanafunzi akipata tatizo anapiga namba gani. Hiyo namba ndo muulize mwanao kama anayo kwenye simu.

---

BabaMapacha:

Mimi nitatofautiana na wakubwa hapo juu. Msiende hiyo wikendi. Nendeni nyingine.

Nina wawili, vyuo viwili, na nimekuta wikendi zao za familia ziko tarehe moja. Ukienda kwa huyu umemkosea yule. Tukaamua hatuendi kwa yeyote, tukaenda Novemba mwanzoni, kwa huyu Jumamosi kwa yule wiki iliyofuata. Hoteli nusu bei, hakuna foleni ya kupaki, na mtoto hana mtihani Jumatatu. Mtoto ni yule yule. Sisi tuliosoma boding tunadhani ukikosa siku ya kutembelewa basi mpaka muhula uishe, huku geti liko wazi mwaka mzima.

Ila jarida la wazazi lisome mama, litoe kwenye spamu leo leo. Mimi lilinigharimu. Mwaka wa kwanza niliwakatia tiketi za Desemba kwa akili yangu tu, bei ilikuwa nzuri, siku mbili baada ya mtihani wa mwisho. Kumbe kwa mmoja wao bweni linafungwa, mwanafunzi anatakiwa awe ametoka ndani ya masaa 24 baada ya mtihani wake, na ilikuwa imeandikwa kwenye jarida la Oktoba, chini kabisa baada ya picha za mechi. Kalala kwa rafiki kwenye kochi, na mimi nimelipia kubadilisha tiketi ya mwenzake ili wasafiri pamoja. Thanksgiving, ile sikukuu yao ya shukrani, ndo usiseme, ni Alhamisi ya nne ya Novemba kila mwaka, tarehe inajulikana toka zamani na bado kila mwaka nakata tiketi nimechelewa.

Siku hizi nikipokea jarida natafuta vitu vitatu tu, bweni linafungwa lini na kufunguliwa lini, mwisho wa kulipa ada, mwisho wa kuacha somo. Hizo picha za watoto wanacheka kwenye majani nazipita.

---

Binti_Mwaka_wa_Tatu:

Shikamooni. Samahani naingilia mazungumzo ya wazazi, mimi ni mwanafunzi, nasoma tu humu kimya kimya.

Mimi ndo yule mtoto aliyesema msije. Mwaka wa kwanza nilimwambia mama hivyo hivyo, ni mambo ya Wamarekani, nina mtihani. Ukweli nilijua anafanya kazi wikendi na akiomba ruhusa halipwi, sikutaka awe na deni kwa ajili yangu. Akanisikiliza, hakuja. Jumamosi nimeshuka kula, ukumbi umejaa mababu na wadogo za watu, hakuna meza. Nikabeba sahani mpaka chumbani. Nikaudhika, na cha ajabu nimemuudhikia mama kwa kunitii.

Sisemi mje, pengine yeye kweli ana mtihani. Ila msimuulize "tuje?" maana jibu la hilo ni "hapana" hata kama anataka. Muulizeni anataka mlete nini.

Na tafadhali mama, ukifika usianze kutandika kitanda mbele ya rumeti. Wala usifungue kabati. Na kama kuna rafiki yake ambaye wazazi wake wako mbali, nje ya nchi labda, mchukueni mkale wote, ila msimhoji sana.

---

MamaKifunguaMimba:

Marahaba mwanangu, umenifanya nimelia kazini, Mungu akuone.

Nimerudi na majibu. Kwanza nimemtumia ile habari ya ruhusa ya FERPA, akajibu "sawa nitaangalia", kwa hiyo tutaona mwaka gani. Namba ya usalama wa chuo anayo, nimemwambia anitumie picha ya skrini, akatuma na kikatuni cha kukodoa macho.

Halafu jana nikamuuliza kama nilivyofundishwa, sikutaja wikendi wala nini, nikasema tu kuna kitu unataka kutoka nyumbani? Kimya. Nikajua basi, nimeharibu. Saa saba usiku meseji ikaingia, naiweka hapa kama ilivyo:

"ile jaketi nyeusi, chaja ndefu, shuka nyingine. Na chakula, kingi, rumeti naye anakula. Jumamosi sio kabla ya saa saba. Jumapili nasoma"

Nimemwonyesha baba yake. Kaisoma mara mbili, akaenda nje kuangalia upepo wa matairi.